Mawe Mekundu ya Korongoni

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni na inafanya kazi vizuri. Asubuhi naamka, nachemsha chai, kisha nakaa mlangoni nikitazama majabali yaliyo nyuma ya nyumba yangu hapa Singida mjini, na mikono inaniwasha. Ndipo nikaona bora niwaandikie ninyi vijana mliobaki maabara. Habari za vyeo na mishahara sitaziweka humu, hazikunisumbua sana nilipokuwa nazo na hazinisumbui sasa. Nitawaandikia habari za mawe.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Mama yangu alikuwa ameniambia kwamba ofisini watu huvaa vizuri, na yeye hakuwahi kuona maabara ya vifaa vya ujenzi, kama ambavyo mimi sikuwahi. Nilimkuta Mzee Mkumbo, fundi mkuu wa pale, Mnyiramba wa Misigiri, amekaa kwenye kigoda anaosha mawe kwenye beseni kama mtu anayeosha viazi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akavitazama viatu vyangu kwa huruma, akanisogezea beseni. Kufika jioni viatu vilikuwa na rangi ya maji ya beseni, na harusi niliyokuwa nimevinunulia nilikwenda na kandambili za kuazima.

Nilifikiri kuosha mawe ni adhabu ya wageni. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Jiwe lenye vumbi halisemi kitu. Mzee Mkumbo alinikabidhi kipande kilicholowa, akaniuliza ninaona nini. Nikamjibu ninaona jiwe. Akasema hakuniuliza jina lake, aliniuliza ninaona nini. Nikatazama tena mpaka macho yakaanza kuuma, na polepole jiwe likaacha kuwa kitu kimoja. Kulikuwa na punje zinazong'aa kama kioo kilichofifia, hizo ni kwatzi. Kulikuwa na vipande vyeupe vyenye wekundu wa mbali na nyuso bapa zinazowaka ukizigeuza juani, hiyo ni feldspa, nayo ndiyo iliyo nyingi zaidi. Halafu kulikuwa na vibanzi vyeusi vinavyometameta, ambavyo ukivichokoa kwa kisu vinabanduka karatasi kwa karatasi. Huo ni ulanga. Vitu hivyo vitatu, aliniambia, ukivijua tabia, umeijua granaiti, na ukiijua granaiti umeujua nusu ya mkoa huu.

Nilimuuliza kwa nini punje zake ni kubwa hivyo. Mzee alikuwa na shemeji Itigi mwenye mizinga, basi akatoa kabatini chupa mbili za asali. Moja ilikuwa imeganda haraka, laini kama siagi. Nyingine iliganda polepole mahali pa joto, na ndani yake kulikuwa na chenga unazoweza kuzitafuna. Granaiti nayo, akasema, ilikuwa uji wa moto chini sana ardhini, ikapoa bila haraka yoyote, kila kitu kikapata muda wa kukua na kushikana na jirani yake. Ndiyo maana ni ngumu. Tulimaliza somo, tukamaliza na asali.

Safari moja alinipitisha kwao Misigiri, tukasimama katikati ya shamba la alizeti akachota mchanga. Akaniambia huu ni mwamba uliokuwa pale juu. Mvua na jua vinaila feldspa taratibu mpaka inakuwa udongo wa mfinyanzi, ulanga unaoza na kutoa kutu, na kwatzi haiozi, inabaki peke yake kuwa mchanga. Wenyeji wanalalamika mchanga hauna rutuba, na kweli hauna, lakini tangu siku ile sikupita shambani bila kuona kwamba ninakanyaga jabali.

Kesi nyingine zilikuwa za kuchekesha. Mwenye nyumba ya wageni mmoja aliletewa meza ya jikoni akaambiwa ni granaiti, akaja na kipande akitaka tumwandikie kuwa ni halali. Mzee Mkumbo aliomba ndimu. Yule bwana akadhani tunataka chai. Tukakamulia tone, vikatoka vipovu vidogo na pale palipodondokewa pakapoteza mng'ao. Granaiti haijali ndimu. Ile ilikuwa marumaru, nzuri tu, ila si ya jikoni kwa mtu anayepika samaki wa ziwa Kindai kila siku. Aliondoka amenuna na ndimu yetu akaibeba.

Mambo matatu Mzee aliyarudia mpaka nikawa nayaota. Kwanza sikio: gonga jiwe kwa nyundo ndogo, zima lina mlio mkali, lenye ufa lina mlio mfu, kama chungu kilichopasuka. Pili maji: lilowanishe, lianike, tazama linavyokauka. Tatu njia. Granaiti haina matabaka ya kuonekana kama mawe mengine, lakini kila jabali lina upande linaokubali kupasuka na upande linaokataa, na mpasuaji mzuri huutafuta kwanza kabla hajainua nyundo. Alipostaafu aliniachia kabari zake za chuma alizofuliwa kutoka kwenye springi za lori, zimefungwa kwenye kipande cha turubai. Nilizipaka mafuta kila mwaka bila kujua zinanisubiri nini.

Miaka ikaenda. Nami nikawa wa kukaa kwenye kigoda, nikiwatazama wageni na viatu vyao. Nikiwa nimebakiza msimu mmoja kazini, likaja daraja la korongoni.

Korongo lenyewe liko kwenye njia ya upande wa Mgori. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira humo. Masika maji yanakuja na magogo na mawe, na vijiji vya ng'ambo vinakuwa kisiwa, wakati zahanati iko upande huu. Liliamuliwa lijengwe daraja dogo lenye kuta za mawe, na mawe yatolewe na kikundi cha akina mama wapasuaji wa pale pale, maana majabali wanayo na kazi wanaijua. Injinia Baraka, kijana makini aliyesimamia ujenzi, aliniomba twende wote nikayapime. Njiani akanieleza habari ya mwenyekiti wa kikundi, Mama Elia. Masika iliyopita mkwe wake, Rehema, alishikwa na uchungu korongo likiwa limefurika. Walikaa naye ukingoni kutwa nzima wakingoja maji yapungue. Mtoto alizaliwa pale pale, hakulia. Sasa Rehema alikuwa mjamzito tena, na mimba ile ingefika wakati wake katikati ya masika iliyokuwa inakuja.

Mama Elia alitupokea vizuri. Amenizidi umri kiasi cha kutosha, nikamwamkia kwa shikamoo, nikasema naitwa Zainabu, akaitikia marahaba mwanangu, karibuni. Ikumbukeni marahaba hiyo, kwa sababu haikupatikana tena kwa muda mrefu. Akatupeleka nyuma ya majabali kutuonyesha mawe. Yalikuwa yamepangwa kwa mistari, marundo na marundo, yamechongwa pembe zake kwa tindo, na rangi yake ilikuwa nyekundu ya kupendeza, kama ndani ya pera. Yale mekundu zaidi walikuwa wameyatenga kando. Akasema hayo ni ya uso wa daraja, upande maji yanakotokea, ili hata korongo lijue limejengewa. Wenzake wakacheka, naye akacheka. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ule wekundu.

Pale wanapasua kwa moto, kama walivyofanya mama zao. Wanarundika magogo juu ya jabali, wanawasha, linaungua kutwa, kisha wanamwagia maji na kuingiza mtaimbo, na vipande vinabanduka. Ni kazi ya jasho na moshi na ina ujuzi wake. Kanisa lao na msikiti wao vimejengwa kwa mawe hayo, na watu wote wa kule wanajua kwamba jiwe likiwa jekundu ndiyo limeiva, ndiyo zuri. Kwa ukuta unaobeba bati tu na kukaa mahali pakavu halina neno. Lakini ule wekundu ni kutu. Chuma kidogo kilichomo ndani ya jiwe kimechomwa kikageuka rangi. Na moto ulioleta rangi umefanya na jambo jingine: kwatzi ikipata joto kali huvimba kuliko majirani zake, feldspa haiifuati, na zile punje zilizoshikana tangu zilipoganda zinaachana. Kwa nje jiwe ni pambo. Ndani limejaa nyufa ambazo maji ya korongo yangeingia, na magogo ya mafuriko yangemaliza kazi. Waliyachagua kwa upendo, na kadiri walivyoyapenda ndivyo yalivyokuwa mabovu.

Nilitoa nyundo yangu ndogo nikagonga la kwanza. Mlio mfu. Nikagonga jingine, na jingine, nikahamia rundo la pili nikiomba moyoni nikosee. Ningeweza kunyamaza, nawaambia ukweli. Wote waliokuwepo walitaka ninyamaze, na nilikuwa karibu kustaafu. Daraja lingesimama vizuri mbele ya kamera siku ya kufunguliwa.

Nikamwambia, "Mama, haya hayawezi kubeba daraja. Moto umeyavunja ndani."

"Yamevunjika wapi? Nionyeshe."

Niliomba ndoo ya maji, nikamwambia achague mwenyewe. Akachagua jiwe zuri kuliko yote. Nikalimwagia maji, tukasimama tukilitazama. Jua la kule halicheleweshi mambo. Uso wa jiwe ulikauka, ukarudi rangi yake, lakini maji yaliyokuwa yameingia kwenye nyufa hayakukauka, yakabaki mistari myeusi myembamba iliyokatizana jiwe zima kama wavu. Kisha nikalowanisha kipande kibichi cha jabali lile lile, ambacho hakikuguswa na moto. Kikakauka chote kwa pamoja. Mama Elia aliinama akapitisha kidole kwenye ile mistari.

"Mkwe wangu anajifungua masika hii," akasema bila kunitazama. "Unajua?"

"Najua, mama. Ndiyo maana nayakataa."

Akainuka, akajifunga kitenge upya, akaondoka. Nilirudi mjini sikula chakula cha jioni.

Injinia Baraka alipeleka vipande vikapimwe kwenye mashine ya kukandamiza, na majibu yalikuwa kama ya nyundo. Kwa taratibu za kazi angeweza kuagiza mawe kwa malori kutoka mbali, kikundi kikose kazi na daraja lisubiri kiangazi kingine. Lakini alikaa akafikiri, akaniambia kuchimba msingi kutachukua muda, na muda huo anaweza kuwaachia wale mama kama nitawapatia njia ya kupasua bila moto. Nikaenda kabatini nikachukua furushi la turubai.

Niliporudi korongoni niliwakuta wapo wote. Nikamwamkia Mama Elia. Akageukia upande wa pili akamuuliza mwenzake kama uji umeiva. Ninyi mliokulia mjini huenda hamjui uzito wa jambo hilo. Kwetu mkubwa hata kama amekukasirikia ataitikia shikamoo yako kwanza, ndipo akutukane. Kuiacha hewani ni kukwambia hupo. Nikajifanya sikuona, nikafungua furushi.

Nikawaonyesha alivyonifundisha Mzee. Unatoboa vishimo kwa tindo kwenye mstari mmoja, kila kishimo unaweka vibati viwili vya chuma na kabari katikati yake, halafu unazigonga kwa zamu, kidogo kidogo, huku ukisikiliza. Mlio wa kabari unapanda. Ukifika juu unaacha nyundo, unasubiri, unaliachia jiwe lifanye lenyewe. Kusubiri huko ndiko kugumu. Mtu aliyezoea moto na mtaimbo anaona kama anacheza. Na jabali la kwanza likaniaibisha mbele yao, lilipasuka kombo likatoa kabari moja ikaruka majanini, kwa sababu nilikuwa nimelazimisha upande linaokataa. Tuliitafuta kabari mpaka tukaipata, na kicheko chao kilinisaidia kuliko maneno ya upole.

Mama Elia hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni anatazama lile jabali. Kisha akamwita Mwanahamisi, mdogo wao katika kikundi, akamwambia, "Mwambie huyo wa mkoani jabali hili kwenye moto linabandukaga kwa upande wa mawio, siku zote. Apange vishimo vyake hivyo." Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake. Mwanahamisi akaja akaniambia yale yale niliyoyasikia, nami nikamshukuru kwa heshima, nikapanga vishimo upande wa mawio. Tukagonga, tukasubiri. Kukatoka sauti ndogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa, na jabali likafunguka mstari ulionyooka, ndani likiwa la kijivu, punje zote zinawaka jua kwa mara ya kwanza tangu zilipoganda. Niligonga kipande kikatoa mlio mkali wa kengele. Wanawake walitazamana. Mama Elia alikuja akaitwaa nyundo mkononi mwangu, akagonga mwenyewe, akasikiliza, na nyundo ile hakunirudishia.

Tangu hapo kazi ilikuwa yake. Moto ulikuwa umemfundisha njia za majabali yale yote, alikosa kabari tu. Mhunzi wa Mgori akafua nyingine nyingi. Nilikwenda kila nilipopata gari, na kila nilipofika nilisema shikamoo mama, na kila mara ikaanguka chini. Maelekezo yake yalinifikia kupitia Mwanahamisi: mwambie kabari yake imepinda, mwambie asikae juani, mwambie uji upo kama anataka. Jiwe likiwa na mlio mfu alilitupa pembeni kabla sijalifikia, hata liwe la rafiki yake. Yale mekundu waliyatumia kujengea mazizi ya mbuzi, na kwa kweli sijaona mbuzi wanaolala pazuri kama wale.

Kuta zikapanda, za kijivu, hazina uso wa kupendeza. Zege la juu lilikauka mvua za kwanza zikianza kunukia. Halafu masika ikaja kweli.

Siku maji yalipojaa tulikuwepo mimi na Injinia Baraka, tumekwenda kukagua. Korongo lilikuwa linanguruma, kahawia, limebeba magogo. Kila gogo lilipogonga ukuta nililisikia miguuni, na ukuta ukabaki pale pale. Mama Elia alikuwa amesimama upande wa pili amejifunika mfuko wa mbolea, ameshika nyundo. Kisha nikaona pikipiki ya matairi matatu inayobebaga magunia ya alizeti inashuka kwenye tope, na ndani, juu ya godoro, Rehema amejikunja.

Dereva alisimama kabla ya daraja. Aliogopa, na nisingemlaumu. Mama Elia alishuka mpaka kwenye ukuta, akainama juu ya maji, akaupiga kwa nyundo, akaweka sikio. Sidhani kama kwa ule mngurumo alisikia kitu. Akainuka, akamfanyia dereva ishara apite, akatangulia mbele kwa miguu, akivuka bila kugeuka. Waliponifikia nikasema shikamoo mama, mdomo ulizoea tu. Akanipita mbio kuelekea zahanati.

Tulikaa kwenye gari pale ukingoni mpaka mvua ikakatika. Injinia aliniambia tuondoke, njia itaharibika. Nikamwambia aondoke yeye. Hakuondoka. Sikuwa na wasiwasi na kuta tena, nilikuwa naogopa kitu ambacho hakuna nyundo ya kukipima.

Jioni tukamwona anarudi, peke yake, anatembea polepole, kitenge kimelowa chote. Nikashuka garini. Nilijaribu kuusoma uso wake kama ninavyosoma jiwe, sikuona kitu. Alipofika darajani akasimama, akaegemeza mkono kwenye ukuta wa kijivu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ya ndoo ya maji.

"Marahaba, Zainabu," akasema. "Na zile zote za nyuma, marahaba." Akavuta pumzi. "Ni msichana. Analia mpaka nesi anaziba masikio."